Ndege Iliyovaa Sanda ya Wawa

Juzi tulimwosha shoga yangu Mwanaidi, kule Ukunda, nyumba iliyo karibu na kiwanja cha ndege. Maji ya vuguvugu yalikuwa tayari, karafuu maiti imepondwa, bafta ya sanda imekunjuliwa juu ya mkeka. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu ya bafta mpya: wanga, vumbi la duka, na kitu kama chaki. Nilikuwa nimeshika ncha moja naipima, ndipo kimoja cha vile vindege vinavyoleta wageni wa hoteli kikapita juu yetu kikienda kutua. Bati likatetemeka. Wenzangu hata hawakuinua vichwa, Ukunda watu wamezoea. Mimi mikono ikasimama.

"Mama, vipi?" bintiye marehemu akaniuliza. "Umechoka?"

"Sijachoka. Shika huku tumalize."

Kweli sikuwa nimechoka. Lakini tangu siku ile sikai. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naendea nini. Chungu kimeniungulia mara ngapi, na mkwe wangu ananitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayehesabu siku zangu. Basi nimeona afadhali niliseme lile lililonijia, nilisemee watu walioona dunia ile, kwa sababu wajukuu nikiwaambia kwamba ndege za zamani zilikuwa zinavaa nguo, wananicheka.

Zilikuwa zinavaa nguo. Nimeziona. Na nguo ya mojawapo ilitoka nyumbani kwetu.

Nililelewa na wawa, ndivyo sisi Wadigo tunavyomwita nyanya. Alikuwa mzaa mama. Mama yangu alifariki mimi sijaacha ziwa, na baba akaoa kwingine akahamia Shimoni. Tulikaa upande wa Msambweni, kijiji kilichoinamia bahari, mimi na Wawa na Mjomba Juma, mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa bado kapera na muda mwingi yuko kibaruani shamba la katani.

Wawa hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitafuna tambuu, akatema, akasema neno lake, basi. Ukianguka ukalia, alikuambia, "Umemaliza? Haya, ule uji." Lakini mimi nilikuwa namganda kama kupe. Mwaka ule alikuwa na kikohozi, kilianza na baridi ya kipupwe kikakataa kuondoka, na alipokohoa alijishika ukuta.

Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la mbao. Siku moja alilifungua ili nguo zipate hewa, nikaona chini kabisa, chini ya kanga yake ya kutokea, pande la nguo nyeupe ambayo sijawahi kumwona ameivaa.

"Wawa, hii ya nini?"

"Sanda yangu."

"Ya kufanya nini?"

"Sanda hufanywa nini? Toa mkono."

Akafunga. Kwake yeye lilikwisha. Kwangu mimi lilianza. Kwa sababu nilikuwa nalijua jambo moja la nguo, alilonifundisha yeye mwenyewe: kanga ya Idi hainunuliwi mpaka Idi ikaribie. Hata ulie, hata ugaregare, utaambiwa, "Idi bado." Siku ukiona imenunuliwa, ujue mwezi unatafutwa. Basi kama sanda ya Wawa imeshanunuliwa, imekunjwa, iko tayari, siku yake itakuwa lini?

Sikumuuliza mtu. Mtoto akishajua jambo kubwa hivyo haulizi. Nikaanza kukosa utulivu. Nikitumwa kisimani nilikwenda mbio nikarudi mbio, nusu ya maji yamemwagika, ili nione kama bado yupo. Usiku nililala mkono wangu uko mgongoni mwake, nikisikiliza kifua kinavyokoroma. Nilijua akifa nitapelekwa Shimoni kwa mke wa baba, aliyewahi kuniona mara moja tu, ninakula, akasema, "Ndiye huyu? Mbona anashindilia hivi?"

Ikaja siku ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, mchanga umetandazika mgumu, na wanawake, Wawa akiwamo, tulikuwa kule nje kwenye miamba, na vijiti vyetu, tunatafuta pweza. Upande wa Mombasa mvua ilikuwa imefunga, mawingu meusi yamegusa bahari. Nikasikia mvumo. Nilidhani ni nyuki wanahama.

Ndege Ulaya tulikuwa tumeshaziona, lakini juu sana, kama mwewe. Hii ilikuja chini, kutoka upande wa Tanga, ikifuata ufuo kama mtu anayefuata njia. Ilipofika mbele ya lile wingu ikasita. Wallahi, ilisita. Ikageuka, ikatuzunguka, watu wakaanza kutupa vikapu na kukimbia, na Mwanasiti, jirani yetu, akajilaza chini kifudifudi huku anapiga shahada. Ikashuka kwenye mchanga, ikaruka kama panzi, ikashuka tena, ikakimbia. Na ilipokuwa inakaribia kusimama, bawa la chini likakwaruza mti wa uzio wa samaki. Tukasikia nguo inachanika. Sauti ile haina mfano, kila mwanamke aliijua.

Mimi sikuwa mwoga wa vitu, nilikuwa mwoga wa jambo moja tu. Nikasogea.

Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, la juu na la chini, yamefungwa kwa vijiti na nyaya. Na pale palipochanika nikaona ndani. Hakukuwa na chuma. Kulikuwa na mbavu za ubao mwembamba, nyembamba kama za ng'onda, samaki aliyekaushwa, na juu yake nguo, imevutwa ikapakwa dawa mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Upepo ulikuwa unaingia kwenye tundu na nguo inapigapiga. Tundu lilikuwa refu kama mkeka wa kuswalia.

Mzungu akatoka, akavua macho yake ya kioo, na chini yake palikuwa peupe, uso uliobaki mwekundu kwa jua na mweusi kwa mafuta.

"Jambo wote," akasema. "Mimi hapana mbaya."

Watu wakacheka, hofu ikapungua. Mjomba Juma, ambaye wiki ile alikuwa nyumbani, akajisogeza mbele kwa sababu Kiswahili cha namna ile alikuwa anakijua kutoka kwenye katani.

"Nataka nguo," Mzungu akasema. "Nguo nyeupe, nguvu sana. Upesi. Maji nakuja."

"Anasema maji yanakuja," Mjomba akatufasiria.

"Tumesikia, Juma," Mwanasiti akamjibu, anajikung'uta mchanga. "Na macho tunayo."

Bamvua mnaijua. Ikitoka huenda mbali, na ikirudi hairudi kwa adabu. Kuisukuma ndege ile mpaka juu haikuwezekana, kati yetu na kijiji kulikuwa na mwamba uliochongoka. Mzungu alikuwa ameshavua shati lake akalichana, halikufika nusu ya tundu. Mjomba akatoa lake, Mzungu akalivuta kidogo tu, likapasuka kama jani la mgomba. Akashika kanga ya huyu, kanga ya yule, anapima kwa vidole na kutikisa kichwa. Zilikuwa zimefuliwa mpaka zimekuwa utando wa buibui. Miaka ile nguo mpya ilikuwa habari ya kusimuliwa, na duka lilikuwa Gazi. Aende nani arudi lini?

Nikasikia sauti yangu.

"Wawa ana nguo nyeupe. Mpya. Iko sandukuni."

Watu wakanigeukia. Wawa alikuwa nyuma yangu, akanifinya hapa juu ya kiwiko, akazungusha.

"Astaghafirullahi," Mwanasiti akasema. "Mtoto, unajua ulichokisema?"

"Najua."

"Toto nasema nini?" Mzungu akamuuliza Mjomba. Mjomba akatazama miguu yake.

Wawa hakunitazama. Alikuwa anaitazama bahari. Mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa umeshaanza kutambaa juu ya miamba tulikokuwa tunachokoa pweza. Akatema tambuu.

"Juma, nenda kalete."

"Mama!"

"Nenda."

"Mama, ile ni yako."

"Kwani hujui nani aliyeinunua? Nenda, na upite na sindano, na uzi ule mnene."

Mwanasiti akaona ni wajibu wake kusema. "Dada, sanda haiazimwi."

"Nani anaazima?"

"Sasa unafanyaje?"

"Natoa. Sanda kazi yake ni kumsitiri mja wa Mungu. Mja huyo hapo, anatetemeka mbele ya maji. Au tungoje azame, halafu ndiyo tumkatie?"

Mwanasiti akapiga fundo kanga yake, akasogea kwenye bawa.

Bafta ikaletwa. Wawa akaichana kwa mikono, akaipima juu ya bawa, na wanawake wakashika pembe. Mzungu akaonyesha wapi papite mshono, Wawa akashona, amepiga magoti kwenye mchanga wenye maji, anakohoa, anashona. Kisha Mzungu akafungua mkebe akapaka dawa yake. Harufu ikatoka ya ndizi mbivu zilizopitiliza, nzito, mpaka mate yakanijaa mdomoni na huku hakuna ndizi. Nguo ikaanza kukaza. Nilikuwa nimesimama mguu huu, nikahamia huu, siwezi kutulia, kwa sababu nilikuwa naona kile ambacho wengine hawakioni: kifo cha Wawa kinashonewa kitu kitakachokwenda mbali. Kila sindano ilipopita nilipata pumzi.

Wingu la Mombasa lilikuwa limefunguka. Wanaume wakaokota mawe njiani mwa magurudumu, wakainua mkia, wakaigeuza. Mjomba Juma na wenzake wakaambiwa washike mkia wasiuachie mpaka wapungiwe mkono. Mzungu akaenda mbele akalisukuma panga la mbao lililokuwa puani mwa ndege kwa mikono yake, mara ya kwanza likakohoa kama Wawa, mara ya pili likanguruma, na upepo wake ukavua kanga za watu. Vigelegele, matusi, kicheko, vyote pamoja.

Kabla hajapanda akamwendea Wawa akamshika mkono.

"Mama, mimi taleta. Nguo mpya. Taleta hapa hapa."

"Nenda, nenda," Wawa akamwambia. "Maji hayo."

Wakaachia mkia. Ikakimbia, magurudumu yanarusha maji, ikaruka, ikarudi chini, nikasikia watu wanasema "Ya Rabi," ikaruka tena na haikurudi. Kiraka cheupe kilionekana kwa muda mrefu chini ya bawa. Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nilikuwa bado nayasikia yale maneno: taleta hapa hapa.

Sasa, wenzangu, mtoto wa miaka saba au minane, huo ni mzigo gani? Mauti nimeyafukuza kwa ulimi wangu mwenyewe, na mwenye kuyachukua ameahidi kuyarudisha.

Nilichokifanya, nilianza kulinda anga. Mvumo ulikuwa hauishi: nyuki, jiwe la kusagia, cherehani ya fundi barazani, hata mbu. Kila mvumo nilitoka mbio. Wawa alinituma kwa jirani, nikapotea njiani nimetazama juu nikajigonga kwenye mnazi. Na maji yakipwa nilishuka pwani nikaburura mawe ya matumbawe na magogo yaliyoletwa na mawimbi, nikayapanga ovyo katikati ya mchanga ule ule ilikotua ndege, nikajiambia, sasa iteremke tuone. Maji yakijaa yalizoa baadhi, kesho nikaanza upya. Viganja vilichubuka, magoti yakawa na madonda.

"Huyu ana pepo," Mwanasiti akamwambia Wawa. "Mtoto wa kike anapanga mawe baharini? Mpelekeni kwa mwalimu."

Nikapelekwa, nikasomewa, nikanyweshwa maji ya aya. Nikayanywa yote, nikarudi pwani.

Wawa aliniuliza mara moja tu. "Mawe yale ya nini?"

"Nacheza."

"Mchezo gani unaotoa damu?"

Nikaficha viganja, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Lakini nilimwona siku nyingine amesimama mlangoni, mkono uko ukutani, ananitazama vile ninavyoburura.

Masika yakapita. Asubuhi moja nikausikia ule mvumo, na mara hii haukuwa nyuki. Kijiji kizima kilishuka. Ikaja ile ile, kiraka kile kile chini ya bawa, sasa kimegeuka rangi ya majani makavu. Ikashuka, ikashuka, nikaona kichwa cha Mzungu kinachungulia pembeni. Akayaona mawe yangu. Akapanda tena. Nikapiga makofi. Mimi! Mimi nimeizuia! Akazunguka, akapita chini juu ya vichwa vyetu, akanyoosha mkono nje, na kitu kikaanguka. Mfuko, umefungwa utepe mwekundu mrefu unaopepea, ukaanguka mchangani ukafanya pu. Ikainama bawa mara moja, ikaondoka.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa sijui kwamba ndege inaweza kukupa kitu bila kuja kwako.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Niliupapasa tu nikajua, nguo iliyokunjwa. Nikaukumbatia nikaingia nao baharini.

"We! We mwana! Unakwenda wapi?" wakapiga kelele. Nikaendelea. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, nguo ilikuwa inalowa inazidi uzito, na nilitaka kufika pale kilindi kinapoanza ndipo niutupe, usirudishwe na mawimbi. Nikasikia mtu nyuma yangu anapasua maji. Nikadhani ni Mjomba. Nikageuka, alikuwa ni Wawa, amekunja kanga, yeye ambaye kila siku aliishia vifundoni.

"Lete."

"Sitoi."

"Mwanamisi, lete kabla sijakasirika."

"Umeshakasirika."

"Lete!"

"Nikikupa utakufa."

Akasimama. Wimbi likampiga ubavuni, akayumba, akakohoa kile kikohozi chake mpaka akainama. Kule ufuoni Mwanasiti akaita, "Dada, nije nikusaidie?"

"Kaa huko huko!" Wawa akasema bila kugeuka. Kisha akanitazama mimi. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Najua mwenyewe. Nguo ikishanunuliwa siku yake imekaribia."

Sijui alifikiri nini. Uso wake haukuwa wa kusomeka. Nadhani alikuwa anayapanga yote, sanduku, ulimi wangu siku ile, mawe.

"Mama yako alikuwa na sanda?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hakuwa nayo. Msichana mbichi yule, atanunuliwa sanda kwa nini? Sandukuni mlikuwa na nguo zako wewe za kitoto. Na alikufa."

Habari za mama yangu hazikuwa zikisemwa nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Alikufa alfajiri," Wawa akasema, na alikuwa anazungumza kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. "Nikakufunga mgongoni nikatoka. Mwaka wa njaa ule, watu wamevaa magunia. Nikabisha hodi huku, hakuna. Huku, hakuna. Kwingine niliwasikia wamo ndani, wamenyamaza ili niondoke. Jua limepanda, mwanangu amelala anangoja, na mimi niko njiani nabisha. Nikapata kipande kwa huyu na kipande kwa yule, tukaviunga. Nimemzika mwanangu kwa viraka."

Maji yalikuwa yanatusukuma sote wawili.

"Wanaume walipotoka makaburini nikasema, mimi nikifa mtoto huyu hatabisha mlango wa mtu. Nikaanza kuweka, senti na senti. Nguo ile nilikununulia wewe. Umesikia? Mimi nitavaa, lakini ni yako."

Nililia basi, nikalia kwa pua na mdomo.

"Sasa mbona ulimpa Mzungu?"

"Kwa sababu maji yalikuwa yanakuja. Na sasa yanakuja. Lete, tutoke."

Nikampa. Akaupachika kichwani kama mtungi, akanishika mkono, na njia nzima kutoka mle majini nilihisi ananiegemea. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Sikuwa nimejua kwamba ni mwepesi hivyo, na sikupenda kujua.

Siwadanganyi kwamba nilitulia siku ile. Neno ulilolielewa kichwani miguu hailijui. Kwa miezi mingi bado nilitoka mbio nikisikia mvumo, nikafika nje, nikasimama sijui nimetokea nini. Lakini mawe sikuburura tena.

Na Wawa hakufa. Kikohozi kilikwenda na jua la kaskazi, na yeye akaishi, akazeeka sawasawa, akaniozesha, akamkaripia mume wangu mbele ya wazee wake siku ya harusi yenyewe, akapakata wanangu. Alipokwenda ilikuwa alfajiri, mimi niko pale. Mwanasiti alikuwa hai bado, mkongwe, akaniuliza kwa sauti ya chini nani aende dukani. Nikamwambia akae, hakuna wa kwenda. Nikaitoa sandukuni nguo ile ya Mzungu nikawapa waoshaji, nikarudi nikakaa kichwani pake, nikamshika, saa nzima sina pa kwenda. Hodi zote zilizopigwa asubuhi ile zilipigwa mlangoni kwetu, na waliopiga walikuwa watu wanaokuja.